Mashimo Yasiyojaa

Mlango wa jiko uligoma kufunga tena siku ya Jumatano Kuu, na Ephrasia akamlaani fundi Protasi mbele ya kuku na mbele ya binti yake.

"Ameniuzia mbao mbichi, yule. Ameuranda mara ya kwanza, ukavimba. Ameuranda mara ya pili, ukavimba. Akirudi na randa yake nitamfungia humo ndani, kama utafungika."

"Ni mvua, mama," Hilaria alisema bila kuinua macho. "Mwaka huu kila kitu kimevimba."

Mvua haikuwa imekatika kijijini Maguu tangu Kwaresima ianze. Ilinyesha bila ngurumo wala upepo, mvua ya kimya iliyokaa juu ya migomba na mibuni kama mgeni asiyesema ataondoka lini. Ikitulia, ukungu ulipanda kutoka bondeni ukaziba kila kitu, na nyumba ya Ephrasia, iliyojengwa chini kabisa ya mteremko, ikabaki peke yake na sauti ya maji.

Maji hayo ndiyo yaliyokuwa habari ya kijiji. Nyuma ya jiko, mahali palipokuwa pakavu tangu Ephrasia aolewe, chemchemi ilikuwa imetoboka. Wanawake waliozoea kushuka mtoni sasa walichota hapo, wakipiga soga na kumsifu mwenye jiko kana kwamba ameyazaa yeye. Bartholomayo, kaka wa marehemu mume wake na mkubwa wa ukoo, alikuwa amekwisha kumwomba paroko aje Jumatatu ya Pasaka kuibariki. Kutakuwa na kwaya, kutakuwa na pombe ya ulanzi, kutakuwa na nguruwe, na watu wote watakaa uani kwa Ephrasia.

Hilaria alikuwa barazani na kompyuta magotini. Alikuja kwa likizo, lakini kazi ilimfuata. Chuoni anakosomea elimu ya anga, msimamizi wake alimkabidhi wingu moja jeusi, lililo mbali kiasi kwamba mawimbi yake husafiri mamia ya miaka kabla ya kutufikia, akamwambia atafute jibu la swali moja. Ndani ya wingu lile, je, nyota inazaliwa, au gesi imetulia tu?

"Tumsifu Yesu Kristo!" Sauti ilitoka kwenye ukungu kabla ya mwenyewe.

"Milele amina. Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba." Bartholomayo alikung'uta matope kwenye buti zake, akavuta kigoda. "Bado unahesabu nyota?"

"Sasa hivi nashughulika na wingu."

"Wingu! Mama Hilaria, unasikia? Mtoto amepelekwa hadi Dar es Salaam kutafuta wingu, na hapa tunalipangusa usoni kila asubuhi." Akacheka, lakini akainama kutazama kioo. Kulikuwa na mstari wenye vilele viwili, kimoja kirefu, kingine kifupi. "Hili ndilo wingu?"

"Hiyo ni sauti yake. Lenyewe halionekani. Ni gesi na vumbi, baridi mno, na mwanga wa nyota zilizo nyuma yake haupiti. Ukilitazama kwa macho utadhani mbingu imetoboka tundu."

"Sasa kama halionekani, unaona nini?"

"Mwendo wake. Bodaboda ikija, mlio wake si unakuwa mwembamba? Na ikishakupita?"

"Unakuwa mnene. Hata mbuzi wanajua."

"Gesi nayo ni hivyo hivyo. Nyingi ni hidrojeni, na kwenye baridi ile hidrojeni haisemi kitu. Lakini imechanganyika na kaboni monoksidi kidogo, inayokwenda inakokwenda mwenzake, na hiyo inatoa mawimbi ya redio. Inayotujia, mawimbi yake yanabanana. Inayotukimbia, yanatanuka."

"Na la kwako linakuja au linakwenda?"

"Yote mawili, baba mkubwa. Upande ulio karibu nasi unatukimbia. Upande wa mbali unatujia."

Bartholomayo aliweka viganja vyake viwili hewani, kimoja mbele ya kingine, akavisogeza taratibu mpaka vikagusana.

"Basi linajikunja."

"Linaanguka ndani yake lenyewe. Kimya. Pale katikati ndipo nyota inapozaliwa. Ila sijawa na hakika. Nimepima sehemu moja tu."

"Na mtu akiwa ndani yake?"

"Hakuna mtu ndani yake."

"Nauliza tu. Angejua kwamba anaanguka?"

Hilaria alifikiri. "Nadhani asingejua. Kila kilicho jirani yake kingekuwa kinaanguka pamoja naye."

Bartholomayo alicheka tena, safari hii kwa ufupi, akasimama kwenda kuitazama chemchemi yake.

Alhamisi mvua ilipolegea, Ephrasia alimchukua binti yake wakapanda shambani kuona ngolo mpya. Alijivunia ngolo zake kama wengine wanavyojivunia ng'ombe. Mlima wote wa ukoo, ntambo yao kama wasemavyo Wamatengo, ulikuwa umechimbwa mashimo yaliyopangana kama sega la nyuki. Kazi ile ina utaratibu wake. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana. Wanawake huchimba katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi kwa udongo wanaoutoa. Kingo huotesha maharage, shimo hushika maji, na udongo haushuki. Ndivyo mababu walivyolima milima ambayo mbuzi huipanda kwa kusitasita.

Walipofika juu, ukungu ulifunguka upande wa magharibi. Mbali chini, Ziwa Nyasa lilionekana kama bati lililosahauliwa mvuani, na juu yake ilisimama minara mirefu ya kitu kama moshi.

"Wadudu wa ziwani wameinuka," Ephrasia alisema. "Mama yako mdogo Emerensiana huko Mbamba Bay atakuwa amefunga madirisha. Angalia walivyotulia."

"Hawajatulia, mama. Kila mmoja anaruka kufa na kupona. Ni umbali tu."

"Haya, mwalimu."

Mashimo yote waliyoyapita yalikuwa yamejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Isipokuwa mstari mmoja. Mstari ule ulikata mteremko kutoka mwamba hadi mwamba, na mashimo yake yalikuwa matupu.

"Haya mbona makavu?"

"Hayo?" Ephrasia alitabasamu. "Hayo yanakunywa. Mvua inyeshe usiku kucha, asubuhi hayana tone. Palikuwa na ufa hapa, ulifunguka tulipokuwa tunaanza kulima. Baba yako mkubwa akaleta wanaume, wakalaza nyasi juu yake, na sisi tukachimba. Tumeuziba, hauonekani tena. Hili nimechimba mimi. Na hili. Na lile pale lenye kingo nzuri."

Ndivyo wafanyavyo watu wa huku ardhi ikijeruhiwa: huifunga kwa ngolo. Makorongo mangapi yamepona hivyo? Hakuna aliyewaza kwamba liko jeraha lisilotakiwa kunyweshwa.

Hilaria alichuchumaa kwenye shimo lenye kingo nzuri, akaingiza mkono hadi chini, kati ya udongo na nyasi zilizooza. Vidole vyake vilikuta upenyo. Hewa ilikuwa inatoka humo, baridi, taratibu, kama pumzi ya mtu aliyelala.

 Alichukua kamba ya katani aliyokuja nayo kufungia kuni, akachomeka mti mmoja juu ya mstari wa mashimo na mwingine chini yake, akaifunga kamba kati ya miti hiyo ikining'inia.

"Unafunga nini?"

"Napima."

"Unapima, au unamfunga mbuzi asiyeonekana? Watu watasema nimemsomesha mwanangu mpaka akapitiliza."

Mchana ule fundi Protasi alikuja na randa, akaranda mlango kwa hasira ya mtu aliyetukanwa kwa watu. Ulipofunga vizuri alirudi nyuma, akafumba jicho moja, akautazama ukuta.

"Mama Hilaria, mbao zangu hazina kosa. Ukuta wako umenisogelea."

"Ukuta una miguu, Protasi?"

"Sijui una nini. Mimi nimemaliza."

Ijumaa Kuu asubuhi mlango ulikuwa umekwama tena. Hilaria alipanda peke yake kwenye mvua. Kamba aliyoiacha ikining'inia ilikuwa imekazika kama uzi wa zeze. Alipoigusa, ililia.

Kila kimoja kilikuwa na kisingizio chake. Udongo hupasuka. Mbao huvimba. Msimamizi wake hakuchoka kusema kwamba mwendo wa upande mmoja si ushahidi: wingu linaweza kuwa linazunguka, linaweza kuwa linapulizwa. Tazama pande mbili kwa pamoja, kisha useme. Hilaria alisimama pale na mvua ikimwingia shingoni, akazitazama pande mbili kwa pamoja. Huku juu, ardhi ilikuwa inaondoka. Kule chini, ilikuwa inakuja. Ntambo nzima, pamoja na maharage yake na mibuni yake, ilikuwa imeanza safari, na kitu cha kwanza kilichokuwa mbele yake ni jiko la mama yake.

Alimwambia mchana, baada ya Njia ya Msalaba, wakiwa wamekaa barazani wote wawili na njaa ya mfungo. Ephrasia alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mimi na jembe langu tumechimba kaburi," alisema.

"Sijasema hivyo, mama."

"Umesema yale mashimo ndiyo yanayopitisha maji. Nani aliyachimba? Si mimi?"

"Ufa ulikuwapo kabla yenu. Lakini mmeufungulia kinywa. Tuondoke, mama. Twende kwa mama mdogo mpaka mvua iishe."

"Mbamba Bay? Nikale dagaa wa usipa na kuliwa na mbu?" Sauti ikashuka. "Baba yako yuko pale, Hilaria." Alionyesha kwa kidevu kaburi la mumewe chini ya mibuni, hatua chache kutoka jikoni. "Nilimwambia sitamwacha. Leo niondoke kwa sababu ya kamba ya kuni?"

"Kwa sababu ya kamba na mlango. Vyote viwili."

"Na Jumatatu watu wanakuja hapa. Padri anakuja hapa. Niwaambie nini? Mwanangu ameona kwenye kompyuta?"

 Hilaria aliwaona akilini watu wa Jumatatu: wamejaa ua mzima, migongo yao mlimani, watoto wakichezea maji.

Jumamosi alikwenda kwa Bartholomayo. Wanaume wa ukoo walikuwa wamekusanyika sengu, kwenye baraza lao la kula na kushauriana, wakinoa visu vya kuchinjia. Ephrasia alikuwa amemfuata nyuma, akakaa kando ya mlango.

Bartholomayo alimwacha Hilaria aseme yote. Kisha akaweka kisu chini.

"Mwanangu, mimi nimezaliwa kwenye ngolo. Baba yangu alinilaza kwenye ukingo wa ngolo akilima. Wazungu walikuja na matuta yao, yakaporomoka. Wataalamu wakaja na makingamaji yao, yakaporomoka. Ngolo haijaporomoka. Leo wewe unakuja na nini? Na wingu?"

Wanaume walicheka. Mmoja alisema, "Labda nyota imemdondokea," wakacheka zaidi.

"Ngolo haina kosa, baba mkubwa. Ngolo inashika udongo wa juu. Huu unaotembea uko chini yake, chini kuliko jembe lolote. Ngolo zenyewe zitashuka zikiwa nzima, na maharage yake."

"Basi ukianza kushuka tutauona, tutakimbia. Tuna miguu."

"Ninachokiona kwenye wingu langu leo kilitokea kabla babu ya babu hajazaliwa. Huenda nyota ilikwisha kuwaka zamani, na mimi ndiyo kwanza naona gesi inakusanyika. Kuona kunakuja mwisho, baba mkubwa. Tukiuona mlima unashuka, utakuwa umekwisha."

Kicheko kilipungua. Bartholomayo aliona kimepungua, na hakupenda.

"Chemchemi ni baraka," alisema. "Kwenye ukoo huu hatujawahi kuikimbia baraka kwa sababu ya mtoto wa kike mwenye kamba. Jumatatu nitakaa mbele, penye maji, na kiti changu. Asiyetaka asije." Akakiokota kisu chake.

Njiani kurudi, Ephrasia alitembea mbele kwa muda mrefu. Walipokaribia nyumbani ndipo alipouliza, bila kugeuka:

"Ile gesi uliyosema haisemi kitu. Mnajuaje inakwenda wapi?"

"Tunaifuata ile inayosema, iliyochanganyika nayo. Inakoonekana hiyo, na mwenzake yupo."

"Hm," alisema Ephrasia.

Jumapili ya Pasaka walirudi kutoka Misa na nguo zao nzuri zikiwa na matope hadi magotini. Ephrasia hakubadili nguo. Aliingia stoo, akatoka na debe la pumba za mahindi kichwani na ndoo mkononi.

"Kaa kwenye chemchemi," alimwambia binti yake. "Usiondoke hapo."

"Unakwenda wapi?"

"Kaa."

Hilaria alikaa juu ya jiwe nyuma ya jiko. Ukungu ulimeza kitenge cha mama yake kabla hajapita mibuni ya pili. Maji ya chemchemi yalitoka kwa mapigo, yakiwa na rangi nyekundu ambayo Jumatano hayakuwa nayo. Kutoka juu alisikia ndoo ikimwagwa, kisha ikimwagwa tena. Baadaye hakusikia kitu. Kuku mmoja alikuja kunywa, akainua kichwa, akaondoka bila kunywa.

Kisha pumba moja ilitoka ardhini. Ilizunguka juu ya maji, nyepesi, ya manjano, ikaenda. Ikatoka nyingine. Halafu zikatoka kwa wingi, kana kwamba kuna mtu ndani ya mlima anayepepeta mahindi, mpaka uso wote wa maji ukafunikwa.

Ephrasia alishuka akihema. Alisimama juu ya chemchemi na debe tupu, akatazama. Akainama, akazichota kwa kiganja, akazisugua kwa kidole gumba kama anayechagua pumba za kununua sokoni. Zilikuwa zake.

"Kwa hiyo haya ni maji yangu," alisema polepole. "Nayamwaga mimi kule, nayachota mimi huku. Na katikati yanakopita..." Hakumaliza. Alipanguza mkono kwenye kitenge chake kizuri.

Kisha akaingia jikoni kwa kusukuma mlango kwa bega, akainama mekoni, akang'oa figa la kwanza.

Hilaria alimtazama akiyatoa mafiga yote, yakiwa bado na masizi ya moto. Mwanamke akiyabeba mafiga amehama; hilo halihitaji kutangazwa. Kabla mvua haijarudi walikuwa wamevusha mafiga, sufuria, godoro na kuku hadi ng'ambo ya bonde, kwenye uwanja wa kigango, kanisa dogo la kijiji, ambako barabara inaishia. Safari ya mwisho Ephrasia alikwenda peke yake kwenye mibuni. Alikaa huko kidogo. Aliporudi, aliziba njia ya chemchemi kwa matawi ya miiba, akamwambia kila mwanamke aliyekuja na ndoo kwamba maji yale yana ugonjwa, na kwamba nguruwe wa kesho ataliwa kigangoni.

"Kwa nini usiwaambie ukweli?" Hilaria aliuliza.

"Ukweli wako wameucheka jana. Huu wataukimbia."

Jumatatu watu walikuja, na watu huenda ilipo sufuria. Kwaya ilipanga mistari mbele ya kigango. Paroko alishuka kwenye pikipiki, akaona moshi, akaona kwaya, akasikiliza maneno ya Ephrasia sikioni kwa muda mrefu, akatazama ng'ambo, akaketi. Majirani wa mteremko ule wote walikuwapo, hata fundi Protasi, hata wale wanaume waliocheka kule sengu.

Bartholomayo hakuwapo.

Ukungu ulipopasuka walimwona. Ng'ambo ya bonde, nyuma ya jiko lisilo na moto, alikuwa ameketi kwenye kiti chake, suti nyeusi, kofia, fimbo kati ya magoti. Alikuwa ameondoa miiba. Juu yake mlima ulisimama ukiwa na maharage mabichi, mzuri, kama siku zote.

Hilaria alianza kushuka kuelekea kijito. Mkono wa mama yake ulimshika kwenye kiwiko.

"Usivuke."

"Mama, atakufa pale!"

"Ukienda kumbembeleza atakaa zaidi. Mimi nimeishi naye kwenye ukoo mmoja tangu wewe hujazaliwa. Padri akienda atakaa, aonekane amefuatwa na padri. Huyu habembelezwi."

"Sasa tumwache?"

Ephrasia alitazama sufuria kubwa. Kwa desturi yao, ini la nguruwe wa sherehe ni la mkubwa wa ukoo, na hakuna mkono unaoligusa kabla hajaketi. Lilikuwa limewekwa kando kwenye sinia, limefunikwa kwa jani la mgomba. Alilifunua. Mazungumzo yakapungua kuanzia karibu naye hadi nyuma.

"Mama Hilaria," mmoja wa wazee alionya.

Ephrasia alichukua kisu, akapanda juu ya ngazi za kigango mahali ambapo hata aliye ng'ambo angemwona, akakata. Kisha akaita kwa sauti aliyoitumia kufukuza nyani shambani:

"Protasi! Fundi! Njoo ule ini! Mkubwa amekataa, kula wewe!"

Protasi alitazama kulia na kushoto akitafuta Protasi mwingine. "Mama, mimi? Nina watoto, mama."

"Tafuna!"

Alitafuna, akiwa amefumba macho. Watu waliguna. Ng'ambo ya bonde, umbo jeusi lilisimama.

Lilisimama, lakini halikuondoka. Bartholomayo alikuwa anatazama chini, penye maji. Sauti yake iliwafikia ikiwa imechelewa, nyembamba, juu ya mvua.

"Maji yamekata! Mnasikia? Mmeitukana chemchemi, imekauka!"

Hilaria aliinua macho kuutazama mlima. Maji hayakuwa yamekoma kuingia mlimani. Mvua ilikuwa inanyesha. Yalikuwa yamekoma kutoka.

"Aje," alisema kwa mnong'ono. "Mama, aje sasa hivi."

 Ephrasia alikata kipande cha pili, akakiinua juu kabisa ya kichwa chake ili kionekane, akakitia kinywani mwake mwenyewe.

Mwanamke, mjane wa mdogo wake, anakula ini lake mbele ya padri. Bartholomayo alikipiga kiti teke. Akashuka. Alishuka kwa hasira iliyomsahaulisha miaka yake, kofia ikaanguka na hakuiokota, akapita nyumba, akapita mibuni, akaruka kijito ambacho kwa siku zote alikivuka kwa kushikwa mkono, akaanza kupanda upande wao huku fimbo ikielekea kwa Ephrasia.

"Wewe! Nani amekupa kisu? Nani amekupa? Padri, umeketi unatazama? Ndugu zangu wa damu mmeketi mnatazama?"

Kwaya ilikuwa imeanza kuimba ili kuzima aibu. Hilaria hakuwatazama. Alitazama nyuma ya Bartholomayo, juu, kwenye mstari wa mashimo yasiyojaa, ambako rangi nyekundu ilikuwa imefunguka kutoka mwamba hadi mwamba kama mdomo. Na chini ya mstari ule mibuni ilikuwa inatembea. Haikuanguka. Ilitembea ikiwa imesimama wima, safu kwa safu, na ngolo zake, na maharage yake, taratibu, pasipo sauti yoyote iliyokuwa imewafikia bado.

Waimbaji wa mstari wa mbele waliona. Kisha wa nyuma. Wimbo ulikatika katikati ya ubeti, na uwanja mzima ukawa kimya, watu wote macho yamewatoka.

Bartholomayo alidhani wamenyamaza kwa ajili yake, akapandisha sauti.